Aliyelifunga Kaburi la Mbeyu

Mtapani, Tana River
12 Agosti 2023

Mama yangu mdogo Truphena,

Pokea salamu za baba yako, na za nyumba nzima, na za kwaya ambayo bado inaimba sauti ya tatu vibaya. Sisi hatujambo. Mguu wangu unauma asubuhi na kuacha mchana, kwa hiyo si ugonjwa, ni umri. Wewe je? Baridi ya huko Leipzig imeanza ama bado? Unakula? Ukijibu usiniandikie "nakula" kama mwaka jana. Niandikie chakula chenyewe.

Ndugu yako Oliver ataipiga picha barua hii dukani kwake Garsen na kukutumia. Ananicheka. Anasema, "Baba, si umpigie tu?" Nimemwambia simu ni ya kuuliza bei ya mahindi. Jambo zito linataka mtu akae chini.

Jambo lenyewe ni hili. Mto unahama. Unalikumbuka shamba la migomba la Mzee Kofa, lililokuwa kati ya maji na makaburi? Halipo. Mvua za Aprili zimelila lote, na sasa maji yanachimba kuelekea kwa wafu wetu. Kati ya ukingo na mama yako umebaki upana wa kanisa letu, si zaidi. Majirani wameanza kuwahamishia watu wao kwenye mchanga wa juu, nyuma ya shule. Pasta anaomba, vijana wanachimba, mifupa inafungwa kwa shuka nyeupe na kuzikwa tena. Inafanyika kwa heshima.

Mama yako hatujamgusa, na sababu unaijua. Siku tuliyomzika, mama yako mkubwa Zipporah alikutia wewe mkononi konzi ya mwisho ya udongo, ukaimwaga, na wazee wakasema mlango umefungwa na Truphena. Katika ukoo wetu aliyelifunga kaburi ndiye wa kulifungua. Akifungua mwingine, aliyelala ndani anaamshwa na mgeni. Mimi ni mzee wa kanisa, tena nimefundisha sayansi mpaka nikastaafu, na sijui niseme nini juu ya jambo hilo. Najua tu kwamba siwezi kulipuuza.

Tumepanga Oktoba, mto ukiwa chini, kabla ya mvua za vuli. Njoo, mama. Upige jembe mara moja, vijana watamaliza.

Ni mimi baba yako,
Reuben


Leipzig
20 Agosti 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika, pamoja na dole gumba la Oliver pembeni. Mimi ni mzima. Leo nimekula wali na dengu, na kipande cha samaki wa kukausha ambaye hakumfikia kambare wetu hata kwa mkia. Msalimie mama mkubwa. Waambie sauti ya tatu kwamba hata huku wapo wenzao.

Nitakuja. Nimeshakata tikiti ya Oktoba.

Ile siku naikumbuka zaidi kuliko nilivyowahi kukwambia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Udongo ulikuwa wa baridi na ulinata. Baada ya kuumwaga niliificha mikono nyuma, kwa sababu nilidhani nimefanya kitu kibaya: watu wote walikuwa wanampa mama nafasi ya kutoka na mimi ndiye niliyemzuia. Jioni yake ulinipeleka kanisani ukaniketisha kwenye kinanda cha kukanyaga. Uliniimbia nota, do, re, mi, nami nikazitafuta, huku nikikanyaga kile kinanda kisikate pumzi. Nadhani kazi yangu yote ilianzia hapo. Watu huku wakiniuliza kwa nini nilianza piano, nawaambia baba yangu ni kiongozi wa kwaya. Habari ya jioni ile siwaambii.

Umeniuliza mara nyingi kazi yangu hasa ni nini, nami nimekuwa nikikujibu kwa maneno makubwa. Sasa nakwambia ilivyo. Tangu nimalize chuo nawapigia piano waimbaji wanaofanya mazoezi. Wao ndio wanaotazamwa. Nimeingia mashindano kadhaa na sijashinda. Jaji mmoja aliniambia nina mikono mizuri sana, lakini ninacheza kama mtu anayeomba ruhusa. Mwingine aliuliza kwa nini miguu yangu inapiga sakafu. Sikuweza kumweleza kuhusu kinanda cha Mtapani, kwamba kwetu ukiacha kukanyaga wimbo unakufa.

Usihuzunike kwa ajili hiyo. Nakuandikia ili ujue anayekuja ni nani.

Mwanao,
Truphena


Leipzig
27 Septemba 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Natumai mguu umetulia na kwamba mto umelala. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho hakijatulia, na leo nakuandikia kabla hata ya kula.

Mpiga piano aliyepangwa kucheza na okestra ya hapa mwezi Novemba ameumia bega. Jana mwalimu wangu, Bibi Hartwig, aliniita, akafunga mlango, akasema, "Nimewatajia jina lako." Wamekubali. Ni tamasha kubwa, ukumbi mkubwa, na redio itatangaza moja kwa moja. Baba, hivi ndivyo maisha ya wapiga piano yanavyofunguka. Mtu mmoja anaumia, mwingine anaketi mahali pake, na asubuhi yake watu wanalijua jina lake. Wengi wanaingoja nafasi hiyo mpaka wanazeeka.

Tamasha ni tarehe 25 Novemba. Mazoezi yanaanza wiki ile ile ya safari yangu, na wamesema wazi: nikiondoka, yupo mwingine.

Nimelipima jambo hili kila upande. Nikija, nitampigia mama jembe nikiwa na hasira, na hilo silitaki. Nikibaki, nitacheza huku namsikia mto. Siwezi kuamua peke yangu, na najua kukuachia wewe uamue si haki. Lakini nakuuliza. Niambie nikatae, nami nitakataa leo hii, na sitakulaumu kamwe. Au niambie kama mama anaweza kuningoja mpaka Desemba.

Mwanao,
Truphena


Mtapani
3 Oktoba 2023

Mama yangu mdogo,

Salamu nyingi sana, nyingi kuliko za kawaida. Huku hatujambo wote. Nimeisoma barua yako nikiwa dukani kwa Oliver, nimesimama. Nikaomba kiti. Nikaisoma tena. Halafu nikamwambia mteja mmoja Muorma aliyekuja kununua dawa ya kupe kwamba binti yangu atacheza na okestra ya Wazungu, redioni. Akasema, "Mashallah, na wanalipa kwa ng'ombe au kwa pesa?"

Cheza.

Nimelileta jambo hili mbele ya watu wa nyumbani, ili lisiwe langu peke yangu. Mama yako mkubwa alikuja na kiti chake mwenyewe, na ukimwona na kiti chake ujue ni vita. Nikamweleza. Akasema, "Reuben, kichwa chako ni kama kile kinanda chako. Asipokuwapo wa kukikanyaga hakitoi kitu. Mto utangoja redio?"

Nikasema, "Basi tufungue sisi. Mbeyu ni mke wangu."

Akasema, "Na ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni kabla hujajua kama yupo. Hataamshwa na mgeni."

Pasta akaingilia. "Mama Zipporah, desturi hiyo haimo katika Biblia."

"Na hiyo suruali yako, Pasta, imo katika kitabu gani?"

Tukacheka wote, hata Pasta, na jambo likabaki pale pale.

Asubuhi nilikwenda ukingoni na Mzee Kofa. Maji yako chini, meupe, mchanga unaonekana katikati, watoto wanavuka kwa miguu. Kofa anasema vuli za karibuni zimekuwa haba na hii nayo itakuwa hivyo. Mimi nakubaliana naye. Kwa hiyo tunakungoja. Desemba si mbali.

Nilikufundisha nota kwa sababu sikujua namna nyingine ya kukunyamazisha usilie. Sikutegemea itafika huko. Sasa imefika, siwezi kuwa mimi wa kuizima. Usicheze kama mtu anayeomba ruhusa. Ruhusa nimekupa.

Baba yako,
Reuben


Leipzig
10 Novemba 2023

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nakula, jana nilikula viazi na mayai. Nisamehe nikiharakisha salamu.

Naona picha za mvua. Wanaonyesha Garissa, wanaonyesha barabara zimekatika huko juu, ngamia wamesimama majini. Maji yote hayo yanashuka kwenu. Nimempigia Oliver akasema "tuko sawa," kisha mtandao ukakatika, na huyo hata akivunjika mguu atasema yuko sawa.

Niambie ukweli. Ukingo uko wapi sasa?

Na nisikilize. Msiningoje tena. Mfungueni. Mimi Truphena niliyelifunga kaburi la mama yangu Mbeyu nampa baba yangu Reuben ruhusa alifungue kwa mkono wake. Nimeyaandika haya kwa kalamu kwanza kabla ya kuyapiga chapa, nikiamini mkono una uzito zaidi. Msomee mama mkubwa. Mwambie namwomba kwa magoti.

Mazoezi yanakwenda vizuri. Naona haya kukwambia kwamba yanakwenda vizuri sana. Kuna mahali katika sehemu ya polepole ambapo okestra yote inanyamaza na kuniachia mimi, na jana nilipofika hapo sikuogopa.

Mwanao,
Truphena


Mtapani
16 Novemba 2023

Mama yangu mdogo,

Salamu za upendo. Sisi huku ni wazima. Mto umepanda kidogo. Usiwe na wasiwasi, mto huu nimeujua kabla ya kukujua wewe.

Barua yako nimemsomea mama yako mkubwa, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho, akasema, "Ameandika vizuri. Lakini mlango haufunguliwi kwa simu." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Mimi nilikwenda na jembe hata hivyo, peke yangu, watu wakiwa wanahamisha magunia. Nilisimama hapo kwa mama yako. Nikainua. Mkono ukakataa, Truphena. Si woga wa mizimu. Niliwaza tu, akifungua macho aone ni mimi, ataniuliza, "Mtoto yuko wapi?"

Basi. Hayo yasikusumbue. Oliver amejifunza namna ya kuipata hiyo redio yenu kwenye simu, na kwaya yote imealikwa. Wewe fanya kazi yako.

Baba yako,
Reuben


Leipzig
26 Novemba 2023

Baba, Baba, Baba yangu,

Shikamoo! Mlisikia? Niambie mlisikia! Mimi ni mzima, ni mzima kuliko nilivyowahi kuwa. Nimekula keki usiku na keki tena asubuhi.

Sijui nianzie wapi. Nilitoka nyuma ya pazia la pembeni. Nikaketi. Kiongozi wa okestra akanitazama, nikatikisa kichwa, wakaanza. Na Baba, vidole vilikuwa vimeshafika kabla yangu. Kila mahali nilipoogopa kwa wiki zote hizi palikuwa wazi, kama njia iliyofyekwa. Katika sehemu ya polepole, pale wanaponyamaza wote, nilichukua muda. Sikumwomba mtu. Ukumbi mzima uliacha kukohoa. Nilimwona mama. Simaanishi kwa macho. Nilikuwa na hakika kwamba yuko mahali pake, ametulia, ananisikia, na kwamba ananingoja bila haraka.

Sijawahi kucheza vile. Walisimama. Bibi Hartwig, ambaye hajawahi kunisifu hata mara moja, alinishika mashavu kwa mikono miwili. Leo wamenipigia kutoka miji mingine miwili. Katika mmoja wanataka nicheze Machi.

Lakini kwanza nakuja nyumbani. Naruka Jumamosi. Mwambie mama mkubwa aandae jembe jepesi, hii mikono sasa ina bei! Namtania. Mwambie nakuja.

Mwanao mwenye furaha,
Truphena


Garsen
29 Novemba 2023

Truphena,

Mto umemchukua mama yako.

Ilikuwa Jumapili, kabla ya tamasha lako, si baada. Maji yalikuja mchana. Tulikuwa kanisani, tukasikia kitu kama mnyama mkubwa anakohoa. Tulipotoka ukingo ulikuwa umekatika, na makaburi mengine yaliyobaki yalikuwa yamekwenda pamoja nao. La mama yako lilikuwa mbali kidogo na maji. Lilikaa kidogo. Tuliliona. Mama yako mkubwa alikimbia na jembe, yeye aliyekataa, alikimbia na kanga imemwanguka, nami nikamkimbilia kumshika asianguke naye. Nikiwa nimemshika, likashuka.

Nilimwambia Oliver asikwambie. Nilisema acheze kwanza.

Nilisikiliza. Tulikuwa hapa dukani, maana Mtapani hakukaliki, nyumba ina maji mpaka dirishani. Kwaya haikuja. Nilisikia pale wanaponyamaza wote ukabaki wewe. Ulicheza vizuri. Nisingependa uwe umecheza vibaya.

Usije Jumamosi. Barabara imekatika pande zote, ya Malindi na ya Hola. Hata ikifunguka, sijui utakuja kufanya nini.

Hapa kwa Oliver kuna bomba, lakini maji ya bomba la Garsen ni ya mto huohuo. Siwezi kuyanywa. Nikiinua kikombe nashindwa. Oliver ananinunulia maji ya chupa, kama mtalii.

Reuben


Leipzig
10 Desemba 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui kama naruhusiwa kukuuliza hali, lakini nauliza. Hujambo? Mama mkubwa hajambo?

Nimeisoma barua yako mpaka naijua kama nota. Hukuandika "baba yako" mwishoni. Nilimwomba Oliver anipigie picha nyuma ya karatasi.

Nilikuwa na hasira kwanza, na nakwambia kwa sababu sitaki kukuficha kitu tena. Uliniachia nifurahi. Ulinisikia nikifurahi redioni nawe ukijua. Nilikuandikia kwamba mama ametulia mahali pake, nawe ukaisoma hiyo. Nilisema, kwa nini hakuniambia, ningeacha kila kitu! Halafu nikajiuliza kama kweli ningeacha. Jumapili ile ningekuwa bado na siku za mazoezi mbele yangu. Najaribu kujibu na sipati jibu, na huko kutopata ndiko kunakonitisha.

Wewe ulisema cheza. Mama mkubwa alisema ngojeni. Mimi niliuliza swali ambalo nilijua utalijibu vipi. Hakuna kati yetu aliyetaka baya.

Piano sijaigusa. Niambie nije.

Mwanao,
Truphena


Leipzig
14 Januari 2024

Baba,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Oliver anasema u mzima, anasema unakaa nje ya duka na kutazama mbuzi wakipitishwa mnadani, anasema kwaya wamekuja kukuita ukasema koo linauma. Anasema barua ya Desemba ulipewa mkononi.

Wale wa tamasha la Machi wameniandikia tena. Wanataka jibu. Nimewaambia ndiyo, kwa sababu sijui kingine cha kuwaambia watu. Lakini kila nikiketi kucheza nafika pale pa kunyamaza na siwezi kupita.

Barabara imefunguka. Nakuja, hata usiponiita.

Mwanao,
Truphena


Kipini
23 Februari 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Hujambo? Mimi sijambo. Nimekula chapati na samaki, samaki wa kweli.

Utashangaa kupata barua kutoka Kipini, kwa mtu aliyelala chumba kinachopakana na chako hadi juzi. Nimempa Oliver kwa picha, kama kawaida yetu. Nilijaribu kuyasema haya nikiwa mbele yako, nikashindwa, nawe ulishindwa. Nilipoteremka kwenye basi ulinipokea begi. Nikasema shikamoo, ukasema marahaba, ukaniuliza kama safari ilikuwa na vumbi. Tukala. Ukanieleza habari za dawa ya kupe. Siku nzima tulizungumza juu ya kupe, Baba. Mama mkubwa alikuja na kiti chake, akanywa chai yote, akaniambia, "Karibu, mgeni," akaondoka. Nilimwona akiwa nje, ameshika mlango wa duka, analia.

Kesho yake uliniomba nisiende Mtapani. Nilikwenda na Oliver. Nimeona pale. Hakuna pa kusimama, ni hewa tu na maji chini.

Ndiyo maana nimekuja huku, mto unakoishia. Nimepanga chumba kwa mama mmoja muuza samaki ambaye haniulizi kitu. Kila asubuhi natembea mpaka pale maji ya mto yanapoingia baharini. Kahawia inakwenda mbali ndani ya buluu kabla ya kuchanganyika. Nilidhani nikifika nitajua la kufanya. Nilidhani labda mkono wangu utajua. Haujui. Nimesimama pale mikono mitupu na sikuomba, sikuimba. Nilimwambia tu mama jina langu, endapo amesahau sauti.

Halafu nikafikiri: siwezi kulifanya hili peke yangu. Mimi nilimfunga, lakini wewe ndiye uliyemwoa.

Nimewaandikia wale wa Machi kwamba sitakuwapo. Watampata mwingine, ndivyo kazi yetu ilivyo. Bibi Hartwig amenijibu kwa mstari mmoja, kwamba nafasi kama hizi hazirudi. Najua. Sikufanya hivyo ili unisamehe, wala si kwamba piano imeisha kwangu. Huenda nikarudi kwayo, huenda waimbaji wangu wakanipokea tena. Ila Machi nitakuwa hapa.

Njoo, Baba. Mlete mama mkubwa na kiti chake. Si lazima tuseme lolote. Mkitaka kunitukana, mnitukane. Mkitaka kukaa kimya, tutakaa. Nataka tu tuwe watatu mahali ambapo maji yake yanaingia baharini.

Gari la Witu linaondoka Garsen asubuhi, mtabadilisha hapo. Mkilikosa la kwanza, lipo jingine. Mkishindwa kesho, njooni kesho kutwa, au wiki ijayo, au mto ukishapungua na mguu wako ukipoa.

Mimi nipo. Nitangoja.

Mwanao,
Truphena